Barua kwa mwanangu: Mzigo wa jumla usiupeleke mnadani

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Unguja ni wazima, mamako anaendelea vizuri na goti lake, na wadogo zako wanakusalimu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa na kalamu mkononi, maana umeongea mbio kama mamako. Nilivyoelewa mimi, kuna ghala hapo Leicester, Uingereza, linauza paleti (mzigo uliopangwa pamoja juu ya fremu ya mbao) ya vifaa vya jikoni vilivyorudishwa na wateja wa maduka: mabirika ya umeme, blenda, pasi na vikorokoro vingine. Bei yao pauni 450. Orodha yao inasema ni vipande 60, na kwamba dukani mzigo huo ungeuzwa zaidi ya pauni 2,000. Wewe na rafiki yako mwataka kuichukua, kisha muuze kimoja kimoja eBay, ule mtandao wa kuuzia na kununulia vitu, kwa mnada, kila kitu kianzie peni 99 ili watu wavutike. Ukaniuliza: "Baba, faida ipo?"

Mzigo wenyewe huenda ukafaa, lakini si kwa bei hiyo, na si kwa mnada. Mimi miaka yote niliyoishi huko mnada wa eBay niliutumia sana, ila zaidi nilikuwa nanunua. Kuuza niliuza kwa bei niliyoipanga mwenyewe.

Unamkumbuka dalali wa samaki pale sokoni Darajani. Anawatazama wanunuzi usoni, na akiona bei imelala anapiga maneno, anamgeuzageuza nguru, anavuta muda mpaka aingie mtu wa tatu. Saa ya eBay haina maarifa hayo. Muda ukifika imekwisha, awepo mnunuzi mmoja au wawepo ishirini.

Na tazama bei inavyopanda. Kila mtu anaandika kiwango chake cha mwisho kwa siri, na mfumo unampandishia kidogo kidogo kwa kadiri ya mpinzani wake. Tuseme mmoja ameweka pauni 40 kwa birika lako, mwengine kaweka pauni 25. Birika litakwenda kwa pauni 26, yaani hatua moja tu juu ya yule aliyeshindwa. Yule wa 40 alikuwa tayari kukupa pauni 14 nyingine, na wewe hutozijua kamwe. Sasa huyu wa 25 asipokuwepo, siku hiyo yuko kazini au kalala, birika linakwenda kwa peni 99, na lazima ulitume. Kwa hiyo katika mnada bei yako inapangwa na mtu wa pili. Ukiwa na kitu ambacho watu wawili wanakihitaji kwa wakati mmoja na hawakipati kwengine, mnada utakubeba. Birika la umeme ambalo kila supamaketi inalo, huyo mtu wa pili atoke wapi?

Mnada ulizaliwa kwa ajili ya vitu vya ajabu ajabu. Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay, alipoufungua mtandao wake Septemba 1995, wakati huo ukiitwa AuctionWeb, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyovunjika, ikaenda kwa dola 14.83. Mwenyewe alishangaa, akamuuliza mnunuzi kama ameelewa kuwa ni mbovu. Akajibiwa kwamba yeye hukusanya kalamu za leza mbovu. Kitu kama hicho ungekipangia bei gani? Hapo ndipo mnada una kazi. Siku hizi vitu vingi vilivyomo eBay vinauzwa kwa bei maalumu, mtu anabofya ananunua, na wauzaji wenye mzigo wa vitu vinavyofanana ndio waliokimbilia huko mwanzo.

Sasa njoo kwenye hesabu, na uifanye kwa kurudi nyuma: anza na pesa atakayotoa mteja, umalizie na bei ya ghala. Hiyo "bei ya dukani pauni 2,000" isahau kabisa. Imewekwa pale ikulevye. Andika jina na namba ya modeli ya birika kwenye eBay, kisha chuja zibaki zilizouzwa tu. Utaona bei ambazo watu wamelipa kweli kwa miezi mitatu hivi iliyopita. Zile ambazo bado zinasubiri mnunuzi hazikuambii kitu, kwani mtu anaweza kuandika bei yoyote aitakayo.

Tuseme umekuta mabirika ya aina hiyo yanakwenda kwa pauni 22, posta ikiwa juu ya muuzaji. Ada ya eBay kwa wafanyabiashara hutofautiana kwa aina ya bidhaa. Wewe weka asilimia 13, ikija pungufu utashukuru. Na kumbuka wanakata kwenye jumla yote anayolipa mteja, pamoja na posta kama umeitoza mbali. Hapo zinaondoka pauni 2.86. Posta na boksi weka pauni 5. Umebaki na pauni 14.14, na bado hujalipia birika lenyewe.

Rudi ghalani. Pauni 450 ile, muulize mwenye ghala kama VAT imo. Maghala mengi huandika bei bila VAT, na wewe ambaye hujasajiliwa kwa VAT huwezi kuidai irudi. Asilimia 20 juu yake inakuwa 540. Tia pauni 60 za lori la kukuletea, imefika 600. Kwa vipande 60 ni pauni 10 kila kimoja, na hapo ndipo watu wengi wanapofunga daftari wakichekelea. Lakini huu ni mzigo uliorudishwa! Usitegemee kwamba vyote ni vizima. Tuseme theluthi ni mizima kabisa, theluthi ina mikwaruzo au imekosa kifuniko, theluthi imekufa. Vinavyouzika ni 40, kwa hiyo kila kimoja kimekugharimu pauni 15, na mkononi unapata 14.14, tukichukulia kila kimoja kinauzwa kama birika lile. Umefanya kazi ya kufungua, kujaribu, kusafisha, kupiga picha, kufunga na kupanga foleni posta, ili upoteze peni 86 kwa kila kipande. Na hapo nimeyahesabu hata yale yenye mikwaruzo kwa bei ya mazima.

Ukitaka walau pauni 5 za jasho lako kwa kila kimoja, gharama isizidi pauni 9.14. Zidisha kwa 40 unapata kama pauni 365, na hiyo ni VAT na lori ndani yake. Basi hiyo ndiyo bei yako. Mpigie, mtajie, akikataa mwache. Paleti hazimaliziki.

Wale maiti usiwatupe. Jagi la blenda, mfuniko wake, kile kitako cha birika kinachokaa mezani: watu huvunja kimoja wapo na hawataki kununua kifaa kizima. Piga picha namba ya modeli iliyo chini, iandike kwenye kichwa cha tangazo herufi kwa herufi, weka bei maalumu. Vipuri haviuziki haraka, lakini vinauzika. Kwenye mzigo wa namna hii nimeona mara nyingi mifuniko ikileta pesa ya uhakika kuliko vifaa vyenyewe.

Mimi hasa niliishi kwa vipuri vya cherehani, kama unavyojua, maana chumba chako kilikuwa ghala langu. Kiwanda kikubwa cha Singer kilikuwa Clydebank, Scotland, mpaka kilipofungwa mwaka 1980, ndiyo sababu madari ya nyumba za huko yamejaa cherehani na makopo ya vikorokoro vyake. Mzee akifariki, watoto wanafagia dari, wanatia kila kitu kwenye boksi moja na kulipeleka mnadani bila kujua kilichomo. Boksi moja nalikumbuka mpaka leo: picha ya giza, kichwa cha tangazo kimeandikwa "vitu vya kushonea" basi, hata neno Singer halimo. Nikaikuza picha. Pembeni, chini ya mkasi, palikuwa na kile kikombe cha chuma kinachoshika bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), na kwa umbo lake nikajua ni cha Singer 221, ile ndogo nyeusi ya kubeba. Kikombe hicho hakiingiliani na cha Singer 15 wala 99, na wanaoshona mablanketi ya viraka, Marekani na Uingereza, wanazigombea 221 hadi leo. Nikasubiri. Sekunde za mwisho nikaandika kiwango changu mara moja, nikakaa kimya. Hakuna aliyenipinga, kwa kuwa aliyetafuta neno Singer hakuliona tangazo lile. Nililipa pauni 11 pamoja na posta, na kikombe kile peke yake kilirudisha pesa yote na ziada, kwa bei maalumu, kikiwa na picha safi na namba zake zote.

Sijakuambia hayo ili uuze cherehani. Wewe ni fundi wa simu na kompyuta, unajua ni kebo ipi haitengenezwi tena na ni chaja ipi ya kompyuta kuukuu watu wanaililia. Mabirika unayajua kama anavyoyajua kila mtu. Na tazama na ukubwa: kitu kisichozidi unene wa sentimita 2.5 kinakwenda Royal Mail, posta yao, kama barua kubwa, nauli ndogo kabisa, wakati birika lina boksi lake na hewa yake, na nauli utailipia hewa hiyo pia.

Sheria nitazipitia haraka, ila zisome vizuri kwenye tovuti ya serikali yao. Zile habari kwamba eBay ya Uingereza imeondoa ada ni kweli, tangu Oktoba 2024, lakini ni kwa watu binafsi wanaouza vitu vyao vya nyumbani. Anayenunua ili auze ni mfanyabiashara hata kama ameanza leo asubuhi. Kodi nayo: ile posho ya pauni 1,000 kwa mwaka ni ya mauzo, siyo ya faida, na tangu 2024 mitandao ya kuuzia hukusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka HMRC, mamlaka yao ya kodi, kwa hiyo usidhani hawakuoni. Mteja akinunua kwa mfanyabiashara mtandaoni ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, hata kama alishinda mnada wa eBay. Kifaa cha umeme ukimuuzia mtu, usalama wake uko juu yako, kwa hiyo mpelekee mwenye kipimo akipime, au usikiuze.

Rafiki yako, umesema yuko kwa viza ya mwanafunzi. Huyo haruhusiwi kujiajiri. Haijalishi ni pauni ngapi, haijalishi akaunti ni ya jina lako: mkigawana faida yuko kwenye biashara, na kinachoweza kupotea ni viza yake. Mwambie mapema ili asione umemtosa.

Na ile rai yake kwamba akaunti yake "ipandishe kidogo" bei zikilala, nimeisikia ulivyoitaja ukicheka. Mimi sikucheka. eBay wanaikataza, na ni kosa la jinai. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimtoza mtu faini ya pauni 5,000 na saa 250 za kazi za jamii kwa kujipandishia bei kwenye vitu vyake mwenyewe. Bei ikiwa haipandi bila hila, ushajua kuwa kitu hicho si cha mnada.

Sasa fanya hivi. Omba orodha kamili ya mzigo, yenye namba za modeli, siyo ile ya juu juu. Chagua aina kumi zenye vipande vingi, tafuta kila moja imeuzwa kwa kiasi gani, na zilizouzwa ni ngapi ukilinganisha na zinazosubiri mnunuzi. Nitumie jedwali hilo kabla hujalipa hata peni moja. Kama ghala linaruhusu kukagua, nenda na bisibisi na soketi ya kujaribia. Wakikwambia hakuna kukagua na hakuna orodha, rudi nyumbani. Na ukiona headfoni (spika za masikioni) zenye jina la chapa kubwa kwa bei ya mchekea, achana nazo hata ukipewa bure. Bandia zitakufungia akaunti.

Mamako anasema umpigie Ijumaa baada ya swala, ana maneno yake na wewe kuhusu mchumba, mimi simo. Na zile chaja kuukuu nilizoziacha kwenye sanduku la bluu kwa ami yako, zipitie. Nadhani mbili ni za zile kompyuta ulizokuwa ukizitaja.

Wako,
Baba