Elimu ya pesa na elimu ya simu, ipi ianze? Uzoefu wangu

Mkuu umeuliza tuanze na bajeti kwanza alafu simu, au kinyume chake. Mi nafundisha vikundi vya akiba na naona ukizitenganisha hizi mbili unapoteza muda tu. Kwetu bajeti ilikuwa na siku yake na simu ina mwalimu wake, matokeo yake mama anapanga matumizi vizuri kabisa kwenye daftari lakini kuangalia salio mpaka amwite mjukuu, yaani namba ya siri nyumba nzima wanaijua. Vijana nao apu zote wanazo, ila mkopo wanabonyeza "kubali" bila kusoma hata mstari mmoja.

Kwa hiyo sasa hivi hesabu tunafanyia humo humo kwenye simu. Mfano apu inakwambia mkopo 1,000 riba 10% kwa siku 30, ila wanakata ile 100 juu kwa juu, mkononi unapata 900 na unarudisha 1,000, hapo umelipia zaidi ya 11% ya ulichopokea, na ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka ni kama 133%. Watu wakipiga wenyewe kwenye kikokotoo cha simu wanashtuka! Hapo hapo mnaangalia hiyo apu imeomba ruhusa gani, maana ikitaka majina yote ya kwenye simu yako jiulize ya nini.

Af wasiojua kusoma msiwaache jamani. Pesa mkononi wanahesabu kunizidi mimi, noti wanazijua kwa rangi, shida kwenye skrini 5,000 na 50,000 hazina rangi. Wafundishe kuhesabu sufuri kwa kidole kabla ya kutuma, inatosha kuanzia. Benki ya Dunia kwenye Findex, ule utafiti wao wa nani ana akaunti na anaitumiaje, walisema 2021 watu wazima wenye akaunti duniani walifika 76%, kutoka 51% mwaka 2011, sawa, lakini akaunti unayoendeshewa na mtu mwingine ni yako kweli?

Kama una nafasi ya somo moja tu, chukua la meseji feki ya "nimekutumia pesa kimakosa nirudishie". Waambie wasiangalie meseji, waangalie salio, na kwamba kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Alafu wajaribu kila mtu kwa simu yake, siyo wewe uwashikie.