Kabla ya kumnunua kobe wa maji, nunua tangi lake

Kobe wa maji huuzwa akiwa mdogo wa kukaa kiganjani, na muuzaji anakuongezea kibakuli cha plastiki chenye mnazi wa bandia katikati. Kibakuli hicho kitupe. Huyu mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho, ambaye asili yake ni bonde la mto Mississippi, anaweza kuishi miaka 30, na jike hufikisha gamba la sentimita 25 au zaidi. Hapa Marekani kanuni ya mwaka 1975 inakataza kuwauza kama wanyama wa kufugwa wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiambukizwa salmonela, bakteria wa kuharisha, lakini bado utawakuta kwenye magulio na kando ya fukwe.

Wanaoniuliza huanza na mawe ya rangi na vijumba vya mapambo. Pesa yako iende kwenye tangi, filta na taa, basi. Hesabu inayotumiwa na wafugaji wengi ni lita 40 za maji kwa kila inchi ya gamba, kwa hiyo jike mkubwa wa inchi 10 (sentimita 25) anataka lita 400. Tangi jipya la kioo la ukubwa huo linauma mfukoni. Tafuta lililotumika, lijaze maji uani usiku kucha uone kama linavuja. Na maji hayo ni kilo 400, kwa hiyo anayeishi ghorofani amuulize kwanza mwenye nyumba. Hapa Texas mimi napendelea hori la plastiki la kunyweshea ng'ombe, linalouzwa kwenye maduka ya wakulima. Halipendezi sebuleni, ila ni rahisi na halivunjiki.

Filta ndiyo roho ya kazi yote. Kobe huchafua maji kuliko samaki, kwa hiyo chagua filta iliyoandikwa kuwa inafaa tangi mara mbili au tatu ya lako. Ndani ya sponji zake huota bakteria wanaogeuza amonia, sumu ya mkojo na kinyesi, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuota, ndiyo maana tangi jipya hunuka na maji kuwa na ukungu. Usikate tamaa, badilisha maji kidogo kidogo. Sponji zikiziba utajua: maji yanayorudi tangini yanatoka kwa unyonge na pampu inakoroma. Zikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo, mpaka ndoo iwe kama chai ya rangi, kisha zirudishe. Usizisuuze kwa maji ya bomba, klorini inaweza kuwaua bakteria hao na ukaanza upya. Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, na mapya yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha yalale usiku hakutoshi, maana miji mingi siku hizi hutia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), na hiyo haitoki kirahisi.

Ajengewe pia mahali pakavu pa kuota joto, nyuzi 32 hadi 35, huku maji yakiwa 24 hadi 26. Juu yake weka taa ya UVB, yaani inayotoa miale kama ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Bila hiyo kobe hashiki vizuri kalisi na gamba linalegea. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo huzuia karibu miale yote hiyo. Taa nyingi za mirija huisha nguvu ya UVB kabla hazijazima, kwa hiyo badilisha kila miezi 6 hadi 12 hata kama bado inang'aa. Akiridhika utamwona amenyoosha miguu ya nyuma, vidole vimetanuka.

Kokoto ndogo usiweke kabisa, huzimeza na utumbo ukaziba. Hita ya kupasha maji joto iwe na kifuniko, na uizime kabla ya kupunguza maji, la sivyo kioo chake hupasuka.

Akielea upande mmoja au akitoa mapovu puani, huenda ni mapafu. Mpeleke kwa daktari anayejua reptilia. Vifaa vyake usivioshee sinki la jikoni, na watoto chini ya miaka 5 wasimshike.

Wasomaji wa Kenya, msiwaokote mtoni: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Na popote ulipo, ukimchoka usimtupe bwawani. Ulaya amekuwa balaa kwa kobe wa kule mpaka mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukamtia kwenye orodha ya viumbe vamizi.

Kwa sisi tunaorudi nyumbani Desemba: taa zifungie saa ya kuziwasha na kuzizima, na atakayebaki naye umpimie chakula kwenye vikopo, kikopo kimoja kwa mlo mmoja. Wageni hulisha kupita kiasi, na filta ndiyo inayolipa.