Miwani ya wakimbiaji iliyoanzia kwenye usukani wa pikipiki

SWALI: Ndugu wahariri, kikundi chetu cha mazoezi kina ubishi kuhusu miwani ya Oakley. Mmoja anasema mwanzilishi alikuwa daktari wa macho, mwingine anashikilia kuwa ni kampuni ya Kiitaliano. Nani mkweli?
Mkimbiaji, Kapchorwa

JIBU: Wa kwanza amekosa kabisa, wa pili amepata mwisho wa habari, si mwanzo. James Jannard alianza California mwaka 1975 akiwa na mtaji wa dola 300, akaipa kampuni jina la mbwa wake. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mpira wa kushikia usukani wa pikipiki za mashindano. Mpira wa kawaida huteleza kiganja kikitoka jasho. Wake, aliouita Unobtainium, ulishika zaidi ulipoloa.

Mwaka 1980 ikaja O-Frame, miwani ya mkanda ya kukinga vumbi na matope ya mbio za pikipiki. Mwaka 1984 ikafuata Factory Pilot Eyeshades, yenye lenzi moja pana iliyofunika macho yote mawili. Waendesha baiskeli waliipokea, akiwemo Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986. Mpira ule wa usukani ndio uliokuja kuwekwa puani na kwenye mikono ya miwani, na hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo akili kubwa kuliko yote aliyoitumia Jannard: miwani inayoshuka puani kila hatua haimfai mkimbiaji, hata lenzi iwe nzuri vipi. Waitaliano wa Luxottica waliinunua kampuni mwaka 2007 kwa takriban dola bilioni 2.1.

SWALI: Sokoni Owino kuna miwani inayofanana na ya Oakley kwa bei ndogo sana. Huo ufundi wa hali ya juu wanaojisifia uko wapi?
Msomaji, Kampala

JIBU: Uko kwenye unene wa lenzi. Lenzi iliyopinda kufuata uso, ikiwa na unene uleule kila mahali, huupindisha mwanga kidogo, na kwa kuwa imekaa mshazari mbele ya jicho, kitu huonekana kando ya mahali kilipo. Watengenezaji makini huipunguza unene taratibu kuelekea pembeni na kuhamisha kitovu chake ili kasoro hiyo ijifute. Feki huiga umbo tu.

Ipime ukiwa umeivaa. Fumba jicho moja, tazama ukingo wa mlango, kisha geuza kichwa polepole kushoto na kulia. Ukingo ukicheza kama mawimbi, au kichwa kikianza kuuma baada ya dakika chache, irudishe.

Jambo la pili ni miale ya UV, yaani miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho, ambayo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Wenzetu wa Kapchorwa, walio milimani, wazingatie. Lenzi nyeusi isiyozuia UV ni mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mboni hutanuka gizani na kuingiza miale mingi zaidi. Tafuta alama ya UV400, inayomaanisha lenzi inazuia miale hiyo. Kwa kuwa alama nayo hughushiwa, mulika noti kwa taa ya UV ya kukagulia noti kupitia lenzi: zile nyuzi zinazong'aa zikiendelea kuwaka vizuri, lenzi haizuii. Kipimo hiki ni cha haraka tu. Duka la miwani lenye mashine litakupa jibu la uhakika. Kwa jua la mchana chagua lenzi ya daraja la 3 la weusi, linalopitisha mwanga asilimia 8 hadi 18. Daraja la 4, lililo jeusi zaidi, lisivaliwe barabarani ukiendesha.

SWALI: Nasafisha miwani yangu kwa petroli kidogo, inang'aa sana. Mbona sasa ina nyufa ndogondogo pembeni?
Mwendesha bodaboda, Jinja

JIBU: Ni hiyo petroli. Lenzi nyingi za michezo ni polikaboneti, plastiki isiyovunjika kirahisi lakini isiyopatana na petroli, asetoni wala dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET. Nyufa huanzia ukingoni kwa sababu hapo fremu imeibana. Haziponi; badilisha lenzi. Mpya ukiipata, imwagie maji kwanza ili vumbi la murram litoke bila kusuguliwa, weka tone moja la sabuni ya maji, suuza, kisha kausha kwa kitambaa safi cha maikrofaiba. Kuifuta kavu kwa fulana kunaichubua.