Sanduku la Wasomaji: Mzee wa Vituko Ndani ya Riwaya

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kuhusu riwaya za watoto wa miaka 9 hadi 12, hasa zile ambazo mhusika mkuu ni mchekeshaji wa darasa anayetamani wenzake wamkubali. Tumejibu nne.

Mhusika wangu yuko darasa la tano na ndiye mzee wa vituko. Nimewasomea watoto sura tatu, hakuna aliyecheka. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, kurasa ulizotuma tumezisoma. Vichekesho vyenyewe si vibaya. Tatizo ni kwamba "darasa zima likavunjika mbavu" imejirudia mno, na mara nyingine imetangulia kichekesho. Mtoto akiamrishwa acheke, hununa. Futa sentensi zote za namna hiyo, kisha uone vichekesho gani bado vimesimama.

Halafu neno la kuchekesha likae mwisho. Mwalimu wako anataka methali ikamilishwe, naye kijana anajibu: "Akapimwe masikio, mwalimu, huenda ni mgonjwa," alisema kwa utani huku akitabasamu. Kichekesho kiliishia kwenye "masikio", yaliyofuata yamekizika. Jaribu hivi:

"Asiyesikia la mkuu…" Mwalimu alimnyooshea chaki.
"Akapimwe masikio."
Mwalimu aligeukia ubao haraka. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Hakuna aliyetajwa kuwa amecheka, lakini msomaji ameona.

Lililo kubwa zaidi ni hili: utani wake haumgharimu chochote. Unasema anataka "kukubalika", lakini hilo halishikiki. Mpe kitu chenye siku na majina. Kwa mfano, mwalimu wa sayansi anagawa vikundi vya watu watano kwa ajili ya maonyesho ya Ijumaa. Saa nne wenzake walikuwa wakimshangilia. Saa tano hakuna kikundi kinachomtaka, kwa sababu mara iliyopita alitania mbele ya wageni na kikundi kizima kikapata 3 kati ya 10. Sasa utani unampa kicheko na papo hapo unamnyima kiti. Kila sura imwongezee deni hilo kidogo. Bila hivyo una mkusanyiko wa vichekesho, huna riwaya.

Angalia pia anamtania nani. Mwalimu, kiranja na yeye mwenyewe ni halali yake. Mtoto mwenye kigugumizi au sare iliyochanika anaweza kutaniwa mara moja tu, kwenye sura ya nne au ya tano, na iandikwe kiasi kwamba msomaji acheke kwanza ndipo ajute. Akirudia, watoto watamchukia na hutawarudisha tena.

Riwaya kama hiyo iwe na maneno mangapi? (Dada wa Tanga)

Kati ya 12,000 na 18,000, sura 10 hadi 14. Usichukue makadirio ya vitabu vya Kiingereza: "hawatanichagua" kwetu ni neno moja, hivyo idadi ileile ya maneno hutoa kitabu kinene zaidi. Kuhusu kurasa, karatasi kubwa ya mtambo mara nyingi hukunjwa ikatoa kurasa 16, ndiyo maana wachapishaji hupenda 64, 80 au 96. Muswada ukiishia ukurasa wa 83, utaombwa ukate kurasa tatu, na kwa kawaida hizo tatu hazina kazi.

Je, naweza kuandika kwamba mwalimu alimchapa? Hadithi yangu ina shule ya Kenya na shule ya Tanzania. (Mwalimu, Taveta)

Mwalimu, hizo ni hadithi mbili tofauti. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, kwa hiyo mwalimu anayechapa huko anavunja sheria, na kitabu chako hakiwezi kupita juu ya jambo hilo kimyakimya. Tanzania Bara kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na adhabu lazima iandikwe kitabuni. Kitabu hicho ni mali kwa mwandishi: jina la kijana likiwa limejipanga humo ukurasa mzima, halafu mwenzake analisoma kwa bahati mbaya ofisini, una sura nzima bila kuonyesha fimbo. Na kumbuka, upande wa Kenya mtoto wa darasa la tano huitwa wa Gredi ya 5.

Mwishoni aache utani? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Watoto huona hapo mkono wa mwandishi anayetaka kuwafurahisha wazazi. Mpe nafasi moja ambapo kichekesho kizuri kuliko vyote kimemjia mdomoni, akakimeza kwa ajili ya mwenzake aliyesimama mbele akitetemeka. Msomaji akijue kichekesho chenyewe, darasa lisikijue. Kwa hiyo ni lazima kiwe kizuri kweli, na ukitunge hicho kabla ya kuandika sura ya kwanza. Kisha sura inayofuata mrudishe kwenye vituko vyake, safari hii ndani ya kikundi, akiambiwa na wenzake, "Wewe, andika kwanza."