Lebo ya mawese iliyochorwa na akili mnemba: nani ana haki nayo?

Mkuu, waliokujibu kwamba "kazi ya AI haina mwenyewe, yeyote achukue" wamelikata swali lako nusu. Umesema ulimtengenezea mama mmoja wa Ujiji lebo ya mawese kwa akili mnemba, akakulipa, na sasa jirani yake sokoni kabandika lebo ile ile kwenye madumu yake. Mnataka kujua kama mna pa kushika. Nafanya usanifu na uchapaji hapa Mwanga, Kigoma, na lebo za namna hii ndizo zinazoniweka mjini.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi kuwa ni mtu halisi aliyebuni kazi. Ulinzi unaanza kazi inapobuniwa, hata kama hujafika COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki. Usajili unakupa ushahidi. Sasa picha uliyoipata kwa kuandika mstari mmoja na kubonyeza, sioni utamwambiaje hakimu kwamba umeitunga wewe. Marekani, Februari 2023, ofisi yao ya hakimiliki ilimwachia Kris Kashtanova haki ya maneno na mpangilio wa kitabu chake cha katuni, ikazikatalia picha zilizotoka Midjourney, programu ya kuchora kwa akili mnemba. Beijing, Novemba mwaka huo huo, Mahakama ya Intaneti ilimpa haki mtu aliyechagua na kurekebisha maelekezo yake mpaka picha ikakaa alivyotaka. Uamuzi tofauti, lakini kote walitafuta kitu kimoja: mtu kaweka nini chake?

Hapo ndipo penye kazi. Ukiiambia programu ichore mchikichi, mara nyingi inakuletea mnazi, shina jembamba limeinama kama uko pwani ya Bagamoyo. Mtu wa Kigoma akiona tu anajua hayo si mafuta ya kwetu. Kwa hiyo mkungu wa chikichi nauchora mwenyewe kwa penseli, punje nyekundu zenye vichwa vyeusi zimebanana katikati ya miiba. Naupiga picha, nauingiza kwenye kompyuta, herufi napanga mwenyewe. Mashine naiachia rangi ya nyuma. Karatasi ya penseli naitunza, na mafaili ya kila hatua nayaacha na tarehe zake. Mkungu ule ni wangu, na popote nitakapoitwa nitausemea.

Lakini kwa huyo mama, hakimiliki isiwe mlango wa kwanza. Kinachomuumiza ni mteja kubeba dumu la jirani akidhani ni la mama. Hilo ni suala la alama ya biashara, kwa hiyo aende BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Maombi yanafanyika mtandaoni. Huko hawaanzi na nani kachora. Wanaangalia kama alama inatofautisha bidhaa zake na za wengine, na kama haigongani na iliyokwisha sajiliwa. Kwenye orodha ya makundi ya bidhaa, mafuta ya kula yako kundi la 29. Ikikubaliwa inadumu miaka 7, halafu inahuishwa kila baada ya miaka 10. Jina liwe la pekee: "Mawese Safi Kigoma" linataja bidhaa na mahali tu, kila muuzaji wa hapa anaweza kulisema. Na aombe mapema, kwa jina lake yeye, kabla jirani hajatangulia.

Wewe mwandikie karatasi ya kumkabidhi haki za sehemu ulizochora kwa mkono, mtie saini wote wawili. Kisha rudi hapa uniambie kwenye ile lebo uligusa nini mwenyewe, maana hujasema.