Kabla ya kuchagua ufukwe wa kisiwani, angalia mwezi

Picha nyingi za fukwe za visiwani hupigwa maji yakiwa yamejaa. Ufukwe uleule, saa sita baadaye, unaweza kuwa uwanja wa mchanga mbichi, mawe na mwani, na bahari yenyewe imebaki kule mbali mawimbi yanakopasukia mwambani. Mgeni akikuta hivyo hulaumu hoteli, wakati alichokosa ni kutazama jedwali la saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kulipia.

Chanzo cha yote ni mwamba. Visiwa vingi vya tropiki vimezungukwa na mwamba wa matumbawe, na karibu kila kinachopendeza huko kinatokana nao. Mchanga mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Samaki aitwaye pono hutafuna mwamba akitafuta chakula na kuutoa tena ukiwa mchanga. Maji yana rangi ya feruzi kwa sababu ni ya kina kifupi juu ya mchanga huo mweupe, na yametulia kwa sababu mawimbi yamekwisha nguvu huko nje. Sasa geuza upande wa pili: kina hicho kifupi ndicho kinachokuacha huna pa kuogelea maji yakitoka, na mwamba huohuo ndio unaochana miguu na kuhifadhi shoronge, wanyama wa baharini wenye miiba mirefu. Anayetafuta ufukwe wa matumbawe usio na kero hizi anatafuta bwawa la kuogelea.

Twende kwenye hesabu. Sehemu nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa, yaani kutoka, mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika 12, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa saa tano kasoro dakika kumi, na baada ya wiki moja saa nne itakuwa wakati wa kupwa. Ndiyo maana watu wawili waliokwenda ufukwe mmoja kwa wiki tofauti hurudi na sifa zinazopingana, na wote wanasema kweli.

Kisha kuna mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji ya bamvua hupanda sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mwenye watoto wanaotaka kuchezea maji kutwa apange safari wakati wa maji mafu. Anayependa kutembea juu ya mwamba na kutazama vidimbwi vyenye samaki wadogo na viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, aje wakati wa bamvua. Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: mahali pamoja, kupwa kwa bamvua huangukia saa zilezile za siku, mwezi baada ya mwezi. Muulize mvuvi yeyote wa hapo mara moja tu, umemaliza.

Maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kujaa hutoka polepole. Katika saa ya tatu na ya nne hutoka karibu nusu ya maji yote. Wakati huo mikondo kwenye milango ya mwamba, yaani nafasi maji yanapopita kutoka nje, huwa mikali na huvuta kwenda nje. Kwa hiyo saa nzuri ya kutazama matumbawe kwa miwani na mrija ni ile inayotangulia kujaa hadi maji yatakapotulia, na si karibu na mlango. Ukivutwa, usishindane na mkondo kurudi ulikotoka. Elea, inua mkono kuomba msaada, na uogelee kwenda kando, ukikata mkondo, mpaka utoke ndani yake.

Wanaotembea mwambani nao wana hatari yao. Maji yakianza kurudi hupita kwenye mifereji na kujaza kwanza bonde lililo kati yako na ufukwe, huku pale uliposimama bado pakavu. Nenda mwambani maji yakiwa bado yanatoka, na ugeuke kurudi ufukweni yanapomaliza kupwa. Ukisubiri mpaka uyaone maji yakija, umechelewa.

Vaa viatu vyenye soli ngumu ya mpira. Kandambili hazifai, huchomoka na miiba huzipenya. Ukichomwa na shoronge, chovya mguu katika maji ya moto unayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha toa kwa kibano miiba inayoshikika. Usichimbe, maana miiba hiyo hukatika ovyo. Weusi kwenye ngozi ukibaki baada ya siku mbili, huenda kipande kimo ndani, mwone daktari. Maji ya moto husaidia pia kwa mwiba wa samaki aitwaye taa na wa samaki-jiwe, lakini hao ni wa kukimbiziwa hospitali. Kwenye mchanga wenye taa tembea kwa kuburuza miguu, ili wakusikie waondoke. Ukiguswa na yavuyavu, kiumbe laini kinachoelea na kuwasha ngozi, osha kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga. Na simbi nzuri, yaani konokono wa bahari, yenye umbo la koni usiiokote ikiwa hai: baadhi hudunga sumu inayoua.

Mchubuko wa matumbawe huonekana mdogo kisha ukakaa wiki ukitunga usaha, kwa sababu chembe za mwamba hubaki ndani. Sugua kwa sabuni na maji safi siku hiyohiyo, hata kama inauma.

Jua ni kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na mawingu mepesi huzuia kidogo tu. Wanaopiga mbizi za juujuu huungua mgongo na nyuma ya magoti bila kujua, kwa kuwa maji yanawapoza ngozi. Fulana ya mikono mirefu ni bora kuliko mafuta yoyote. Ukipaka mafuta ya kukinga jua, mtu mzima anahitaji kama mililita 30 kwa mwili mzima, na arudie kila baada ya saa mbili. Soma kibandiko kabla ya kununua: Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimepiga marufuku uuzaji wa mafuta yenye kemikali ya oksibenzoni kwa ajili ya kulinda matumbawe.

Kila kisiwa kina upande wa upepo na upande uliokingwa. Wa upepo una baridi nzuri usiku, lakini mwani hutupwa huko, na ukioza harufu yake ni ya yai viza. Uliokingwa una maji tulivu na joto la kukosesha usingizi, na kukiwa na mikoko jirani, usubi hutoka alfajiri na magharibi. Hupenya vyandarua vya kawaida, ila hawawezi kuruka penye upepo, kwa hiyo feni ni dawa kuliko chandarua. Ningechagua upande wa upepo.

Maji matamu ya visiwa vidogo ni ya mvua, huelea chini ya ardhi juu ya yale ya bahari. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda. Bomba la bafuni likitoa maji ya chumvi, ndiyo sababu. Kusanya maji ya kunywa mapema, na usitandike mkeka chini ya mnazi wenye nazi.

Mwisho ni usafiri. Boti hazitoki bahari ikichafuka, na hakuna wa kukurudishia tiketi ya ndege. Acha siku nzima kati ya boti ya kurudi na ndege yako, na chukua boti ya asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi.