Muziki wa majaribio: jinsi ya kuifanya kazi yako ipigwe mara ya pili

Katika muziki wa kisasa wa majaribio, onyesho la kwanza ndilo rahisi kupata. Matamasha kama la Donaueschingen huko Ujerumani, lililoanza 1921, yanatafuta kazi ambazo hazijawahi kusikika, na wafadhili nao hupenda kutajwa kuwa wa kwanza. Baada ya usiku huo nota nyingi huingia kabatini moja kwa moja. Mtunzi anayejenga jina ni yule ambaye kundi la mji mwingine linaomba nota zake bila kubembelezwa, na hilo huamuliwa mapema, mezani.

Anza na vyombo. Kazi ya wapigaji 23, yenye klarineti mbili za besi na timpani nane, itapigwa pale ilipoagizwa na basi. Fluti, klarineti, violini, selo na piano, ambavyo mtunzi wa Austria Schoenberg alivitumia pamoja na sauti ya kike mwaka 1912, vina makundi ya kudumu katika nchi nyingi. Kwateti ya nyuzi, yaani violini mbili, viola na selo, husafiri kirahisi zaidi. Justinian Tamusuza wa Uganda aliiandikia kazi, na Kronos Quartet, kwateti ya Marekani, wakaiweka kwenye albamu yao ya 1992 ya watunzi wa Afrika. Kazi ya okestra nzima isingefika mbali hivyo kwa wepesi huo.

Kisha piga hesabu ya mazoezi. Kundi la kulipwa likiwa na mazoezi mawili ya saa tatu kwa tamasha la kazi nne, wewe utapata saa moja na nusu. Swali moja linalosimamisha watu wote hula dakika mbili. Maswali 15 ni nusu saa imekwenda. Kwa hiyo jibu kila swali kwenye karatasi kabla halijaulizwa. Ukurasa wa kwanza utaje vyombo vyote, vikiwemo vile ambavyo mpigaji atabadilisha katikati, muda wa kazi, na kama nakala ya kondakta imeandikwa kwa sauti halisi au jinsi kila chombo kinavyosoma, maana baadhi ya vyombo, kama klarineti, husoma nota tofauti na ile inayosikika. Alama ulizobuni zieleze hapo, halafu zieleze tena kwa kifupi kwenye nakala ya mpigaji, pale alama inapotokea mara ya kwanza.

Nakala za wapigaji ndizo zinazoharibu kazi nyingi nzuri. Programu ya kuandikia nota huzitoa kwa kubofya mara moja, na hapo mtunzi hudhani amemaliza. Programu haijui kwamba mpiga selo ana upinde mkononi. Mwisho wa ukurasa wa kulia lazima pawe na kimya cha kutosha kugeuza karatasi: sekunde tatu kwa uchache, na zaidi kama anatakiwa pia kukivalisha chombo chake kizimasauti, kifaa cha kupunguza sauti. Kimya kisipokuwepo, acha nusu ya ukurasa tupu, hakuna ubaya. Mistari mitano ya nota iwe na kimo cha milimita 7 hadi 8, namba ya kipimo (baa) iwe mwanzoni mwa kila mstari, na baada ya vipimo vingi vya kimya weka nota ndogo za chombo kinachosikika wazi, ili mpigaji ajue anaingia wapi.

Sauti zisizo za kawaida zinahitaji uangalifu wa namna yake. Klarineti inaweza kutoa sauti mbili au zaidi kwa pumzi moja, lakini kwa mpangilio maalumu wa vidole, na klarineti nyingi za Ujerumani na Austria zina mfumo wa vitufe tofauti na ule wa Ufaransa. Vidole vilivyofanya kazi Paris vinaweza kutoa sauti nyingine kabisa Berlin, au kisitoke kitu. Andika vidole, andika pia sauti unayoitarajia, na uruhusu mbadala ulio karibu nayo.

Piano iliyotiwa vitu kwenye nyuzi ina shida kama hiyo. Mtunzi wa Marekani John Cage, katika mkusanyiko wake mkubwa wa vipande vya piano aliouhitimisha 1948, alitayarisha nyuzi za sauti 45 kwa skrubu, bolti, mpira na plastiki, akaandika vipimo vya mahali pa kuweka kila kitu. Vipimo hivyo hutoa matokeo tofauti kwenye piano ya urefu mwingine, kwa hiyo eleza sauti unayoitaka pamoja na vipimo. Kuweka bolti: kanyaga pedali ya kulia ili vizimasauti vinavyolalia nyuzi viinuke, tanua nyuzi kwa kibanzi cha mti, ingiza bolti taratibu, kisha toa kibanzi. Usilazimishe skrubu kwenye nyuzi za besi zilizozungushiwa shaba, maana meno yake huzikwangua. Futa jasho mikononi, linaleta kutu. Ruhusa ya ukumbi iombe mapema na kwa maandishi, la sivyo utafika ukute piano imefungwa kwa kufuli.

Kuhusu pesa, mkataba useme nusu italipwa siku ya kusaini na nusu siku ya kukabidhi nota. Usikubali “baada ya onyesho”, kwa sababu maonyesho huahirishwa. Haki ya onyesho la kwanza nayo iwe na mwisho, tuseme miezi 12 tangu kukabidhi, ili kundi likiikalia kazi uweze kuipeleka kwingine. Sajili kazi kwenye chama cha mirabaha, kinachokusanya malipo ya watunzi kazi zao zinapopigwa, kama GEMA Ujerumani au SACEM Ufaransa, na jina lililosajiliwa lifanane na la ratiba ya tamasha neno kwa neno. Hata hivyo watunzi wengi huishi kwa ajira nyingine: Ligeti alifundisha Hamburg kuanzia 1973 hadi 1989, na Philip Glass aliendelea kuendesha teksi New York hata baada ya opera yake kupigwa kwenye jumba la opera la Metropolitan mwaka 1976.

Onyesho likiisha, kusanya nakala zile zile zilizotumika. Alama za penseli za wapigaji zinaonyesha mahali ulipokosea na mahali walipojiokoa wenyewe. Sahihisha wiki hiyo hiyo, andika tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa, na uwaombe wenye toleo la zamani walifute.